Shairi Lisilokatwa Kwenye Mchujo: Mwongozo Kamili wa Kuingia Mashindano ya Ushairi

Kwa misimu kadhaa nimekaa kwenye meza ya mchujo wa mashindano madogo ya ushairi hapa Tanga. Bahasha hufika kutoka Ngamiani, Makorora, Muheza, Pangani, na nyingine hutoka mbali zaidi. Tunazifungua kwa furaha, lakini kila mara ikifika saa nne asubuhi rundo la zilizokatwa limeshapita rundo la zilizobaki.

Linaloniuma ni kwamba wengi wa wanaokatwa wana jambo zito la kusema. Hawakosi kipaji. Wanakosa mizani, yaani hesabu ya silabi, katika mshororo wa pili, au kina cha kati, ule mlio unaofanana katikati ya mishororo, kimepotea, au wameleta utenzi palipoombwa shairi. Hayo yote hurekebishika nyumbani, kwa penseli, kabla bahasha haijafungwa.

Mwongozo huu unafuata shairi moja kutoka wazo hadi jukwaani. Jipe wiki tatu: mbili za kutunga na kurekebisha, moja ya kughani, yaani kulisoma kwa mahadhi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangazo la mashindano, zima. Picha ya simu iliyokatwa chini haitoshi.
- Daftari la hesabu, lile lenye visanduku. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na hatua ya sita itaeleza kwa nini.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino ikae pembeni hadi siku ya kunakili.
- Kamusi ya Kiswahili, ya karatasi au ya simu.
- Simu inayorekodi sauti.
- Mtu mmoja mwenye sikio la mashairi, ambaye hatakuonea haya.

Ukiweza kuazima kitabu cha sheria za utungaji alichotoa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, kiazime. Usipokipata, yaliyomo humu yanatosha kukuvusha mchujo.

## Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na penseli

Pigia mstari mambo haya: mada, bahari (aina ya shairi) inayotakiwa, idadi ya beti, muda wa kughani, siku ya mwisho, na jina lako liandikwe wapi.

Hilo la jina limeondoa watu wengi. Mashindano mengi hutaka jina liwe kwenye karatasi ya pembeni ili majaji wasijue wanasoma shairi la nani. Mtunzi akitia jina lake ndani ya ubeti wa tamati, kama ilivyo desturi yetu ya miaka mingi, huwa amejitambulisha. Kama tangazo linakataza, funga shairi lako kwa dua au kwa ombi, jina lako liache.

Jambo la pili ni bahari. Tangazo likisema "shairi la tarbia" linataka mishororo minne kwa kila ubeti, kila mshororo vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), na kwa kawaida kila kipande mizani 8. Utenzi ni kitu kingine: kila ubeti una vipande vinne vifupi vya mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachotembea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukileta utenzi palipotakiwa tarbia, majaji hawatafika hata kwenye maudhui yako.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kumweleza mtu masharti yote bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 2: Finya mada hadi iingie kiganjani

Mada za mashindano huwa pana: mazingira, amani, elimu, malezi. Mtunzi akiipokea jinsi ilivyo huishia kuandika "tuyatunze mazingira, ndugu zangu sikieni". Mashairi ya namna hiyo hufika mengi kwa msimu mmoja, nami siwezi kukumbuka hata moja.

Tafuta kitu kimoja kilicho ndani ya mada hiyo ambacho umekiona kwa macho. Tuseme mada ni mazingira na wewe unakaa Tanga. Acha dunia nzima, chukua mikoko. Kisha acha mikoko yote, chukua mkoko mmoja uliokatwa.

Halafu nenda ukautazame. Nenda Sahare maji yakiwa yamekupwa, vua viatu, ingia kwenye tope. Tazama mizizi inavyosimama kama miguu ya mtu anayevuka maji. Tazama kaa wanavyokimbilia mashimoni. Waulize wavuvi majina, maana watu wa pwani hawaiiti yote mikoko tu: kuna mkandaa, kuna mchu, kuna mkomafi, na kila mti una kazi yake. Neno moja la kweli ulilolitoa kwa mvuvi lina nguvu kuliko beti mbili za nasaha.

Tahadhari: usichague kitu usichokijua kwa kuwa kinaonekana kikubwa. Majaji wa mji mdogo wanaijua pwani yao. Ukisema kaa anaogelea kama samaki, watajua hujafika.

## Hatua ya 3: Liseme kwa maneno ya kawaida kwanza

Andika sentensi tano hadi nane, bila vina, bila mizani. Mfano:

*Mkoko ulisimama hapa tangu zamani. Ulivunja mawimbi. Kaa na kamba walizaliana mizizini. Mtu aliukata kwa ajili ya mkaa. Alikuwa na watoto wenye njaa. Sasa pwani imebaki mabaka mabaka.*

Sababu ya hatua hii ni kwamba vina vina tabia ya kumvuta mtunzi. Usipojua unakokwenda, neno "kina" litakupeleka kwenye "jina", nalo "jina" likupeleke kwenye "shina", na ubeti utaisha huku hujasema lolote. Ukiwa na sentensi zako pembeni, kila ubeti una mzigo wa kubeba.

Kila sentensi moja au mbili ni ubeti mmoja. Ukiona una sentensi tatu tu na tangazo linataka beti saba, rudi kwenye tope, hujaona vya kutosha.

## Hatua ya 4: Tunga kituo kabla ya ubeti wa kwanza

Wengi huanza juu na kushuka, wakifika mshororo wa nne, yaani kituo, wamechoka, wanatupia chochote. Lakini kama shairi lako lina kibwagizo, mshororo huo ndio utakaorudiwa kila ubeti, ndio hadhira itakaouitikia, na ndio watakaoondoka nao. Ufanyie kazi ukiwa na nguvu.

Kibwagizo kizuri lazima kiweze kukaa chini ya kila ubeti bila kugongana nao. Chukua huu:

*Leo limebaki jiko, pwani yatoka upele.*

Hesabu: le-o-li-me-ba-ki-ji-ko, nane. Pwa-ni-ya-to-ka-u-pe-le, nane. Maana imekamilika: mti umeishia jikoni, ufuko umebaki mabaka kama ngozi yenye upele. Unaweza kuuweka chini ya ubeti wa mawimbi, wa kaa, wa mchomaji mkaa, hata wa wajukuu watakaouliza mkoko ulikuwa mti gani.

Angalia pia neno "yatoka". Mwanzoni mtu angeandika "inatoka", ambalo lina mizani 4, na kipande kingekuwa na 9. "Yatoka" ina 3, ni Kiswahili safi, na hakuna kilichovunjwa. Wakati uliopo wa -a- (yatoka, walia, naona) ni rafiki mkubwa wa mtunzi. Utumie kabla hujaanza kukatakata maneno.

Jaribu hivi: mwimbie mtoto wa nyumbani kibwagizo mara mbili. Akiweza kukurudishia mara ya tatu, kimekubali.

## Hatua ya 5: Weka akiba ya vina

Kabla ya kutunga ubeti, chora safu mbili. Juu ya moja andika kina cha kati, juu ya nyingine kina cha mwisho. Jaza maneno kumi kila safu.

Kwa ubeti wa kwanza wa mkoko, kina cha kati ni -ko: mkoko, jiko, machafuko, huko, soko, mfuko, mwiko. Kina cha mwisho ni -le: kale, pale, tele, upele, mbele, milele.

Jihadhari na -ni. Kila nomino ikipelekwa mahali huishia -ni (nyumbani, baharini), kila amri ya wengi huishia -ni (njooni, sikieni). Kwa kuwa inapatikana kila mahali, haioneshi kazi yoyote, na jaji mzoefu huliona hilo mara moja. Siikatazi. Ninasema usijenge shairi zima juu yake.

Kosa jingine ni kurudia neno lilelile kama kina mara mbili ndani ya ubeti: mshororo wa kwanza "huko", wa tatu "huko". Sikio husikia kwamba akiba imekwisha.

## Hatua ya 6: Hesabu mizani kwa sauti, kisha kwa visanduku

Hapa ndipo mashairi mengi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nilipokuwa kijana nilimpelekea shairi langu mzee mmoja aliyekuwa akikaa barazani Ngamiani jioni, mbele ya birika la kahawa. Nilimwamkia, "Shikamoo babu", akaitikia, akaniambia, "Haya mwanangu, soma, taratibu." Nikasoma. Hakutazama karatasi. Vidole vyake vinne vilikuwa vinagonga ubao wa baraza, kimoja kimoja, vikienda na kurudi, nne na nne. Nilipofika mshororo wa tatu kidole kiligonga mara moja zaidi, kikabaki hewani. Akanyamaza. Akasema, "Hapo umenidondosha, baba." Nilikuwa nimehesabu usiku kucha kwa macho na sikuliona kosa. Yeye alilisikia.

Mizani ni silabi unazozisikia, siyo herufi unazoziona. Kanuni ni hizi:

Kila irabu ina mizani yake. Kaa ni ka-a, 2. Mwambao ni mwa-mba-o, 3. Kiangazi ni ki-a-nga-zi, 4. Ngamiani ni nga-mi-a-ni, 4. Kosa la kuhesabu "kaa" kuwa 1 nalikuta karibu kila msimu.

M inayosimama peke yake ni mizani. Mti ni m-ti, 2. Mkoko ni m-ko-ko, 3. Mkwakwani ni m-kwa-kwa-ni, 4.

M au N iliyobebwa na konsonanti inayofuata haihesabiwi peke yake. Mbali ni mba-li, 2. Ndugu ni ndu-gu, 2. Ngalawa ni nga-la-wa, 3. Ng'ambo ni ng'a-mbo, 2.

Lakini katika maneno mafupi yenye irabu moja, N au M hiyo husimama. Nchi ni n-chi, 2. Nne ni n-ne, 2. Nta ni n-ta, 2.

Wakati mwingine maandishi ni yaleyale na mizani ni tofauti. Mbuni yule ndege ni mbu-ni, 2. Mbuni, mti wa kahawa, ni m-bu-ni, 3. Vivyo hivyo "nyumba mbaya" ina mba-ya, na "mtu mbaya" ina m-ba-ya. Hakuna macho yatakayokutofautishia hayo, tamka tu.

Maneno ya mkopo yenye konsonanti mbili zilizofuatana yana ubishi. "Labda" wengine huhesabu 2, wengine la-b-da, 3. "Daktari" vilevile. Kwenye mashindano usiingie kwenye ubishi ambao si wako. Weka "pengine", ambalo kila mtu atalihesabu 3, uendelee na safari.

Sasa lile daftari la hesabu. Chora mstari wa wima baada ya kisanduku cha 8 na mwingine baada ya cha 16. Andika silabi moja kwa kila kisanduku:

| U | li | si | ma | ma | m | ko | ko |
| u | fu | kwe | ni | ta | ngu | ka | le |

Silabi ikivuka mstari, unaiona. Kisanduku kikibaki wazi, unakiona. Na kina cha kati lazima kikae kisanduku cha 8 katika kila mshororo, chini kwa chini kama nguzo. Ukitazama safu hiyo kutoka juu, unasoma ko, ko, ko, ko.

Utajua umefaulu pale vidole vyako vitakapogonga meza nne na nne, mara nne kwa kila mshororo, hadi mwisho wa ubeti, bila kidole kubaki hewani.

## Hatua ya 7: Kurekebisha guni

Shairi lenye kosa la mizani au vina huitwa guni. Rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu ni guni, na hakuna aibu humo. Hii hapa ni rasimu ya ubeti wetu:

*Mkoko ulisimama, ufukweni tangu kale,*
*Mawimbi ya bahari na machafuko, yakavunjikia pale,*
*Kaa na kamba wakazaliana huko, kwa wingi tele,*
*Leo limebaki jiko, pwani yatoka upele.*

Ukiusoma haraka unapendeza. Sasa uingize kwenye visanduku.

Mshororo wa kwanza una 8 na 8. Mizani ni sawa, lakini kina cha kati ni -ma wakati mingine ni -ko. Tiba yake ni kugeuza mpangilio tu: "Ulisimama mkoko". Mizani zilezile, kina kimekaa mahali pake, na mshororo umepata mwendo wa kishairi kwa kuanza na kitendo.

Mshororo wa pili una 12 na 8. Zimezidi 4. Tafuta neno ambalo likiondoka hakuna atakayeuliza. Hapo ni "ya bahari": ya-ba-ha-ri, mizani 4 kamili. Mawimbi ya ufukweni ni ya nini kama si ya bahari? Yaondoke. Inabaki "Mawimbi na machafuko", 8.

Mshororo wa tatu una 13 na 5, jumla 18. Hapa kuna ugonjwa mwingine: "kwa wingi" na "tele" ni kitu kimoja kimesemwa mara mbili. Ondoa "kwa wingi", mizani 3, zinabaki 15. Kisha panga upya na ongeza "wa": "Kaa na kamba wa huko, wakazaliana tele". Nane na nane.

Ubeti umekuwa hivi:

*Ulisimama mkoko, ufukweni tangu kale,*
*Mawimbi na machafuko, yakavunjikia pale,*
*Kaa na kamba wa huko, wakazaliana tele,*
*Leo limebaki jiko, pwani yatoka upele.*

Fuata utaratibu huohuo kila mara: kwanza geuza mpangilio, pili ondoa kilichorudiwa, tatu badilisha neno kwa kisawe chake, nne badilisha wakati wa kitenzi. Mwisho kabisa ndipo uguse uhuru wa mshairi, yaani kufupisha neno au kulirefusha.

Huo ufupishaji, inkisari, utumie hivi, katika ubeti unaomhusu mchomaji mkaa:

*Mchomaji ana wana, wanalilia chakula,*
*Kachukua shoka jana, si kwa kupenda madhila,*
*Mlango mwingine hana, wa kubisha wakalala,*
*Leo limebaki jiko, pwani yatoka upele.*

"Kachukua" ni "akachukua" iliyopunguzwa mizani moja. Msikilizaji anaielewa bila kusita, ndiyo maana inakubalika. Lakini ukifupisha maneno matatu katika mshororo mmoja, au ukilirefusha neno hadi halitambuliki, jaji ataona kwamba umeshindwa na unajificha nyuma ya uhuru.

Angalia pia vina vya ubeti huu: -na na -la, tofauti na ule wa kwanza. Inaruhusiwa kubadili vina ubeti hadi ubeti, isipokuwa tangazo liseme viwe vya mtiririko mmoja. Kibwagizo ndicho kinachobaki.

Nimeuweka ubeti huu kwa sababu nyingine pia. Shairi la mazingira lisilomwona mwenye shoka lina shutuma tu ndani yake. Ubeti unaomwona mtu na watoto wake wenye njaa hufanya kibwagizo kilekile kiume zaidi. Kila mada unayopewa, mtafute mtu huyo.

## Hatua ya 8: Msomee mtu, nyamaza

Siku mbili baada ya rasimu ya mwisho, msomee yule mwenye sikio. Usimpe karatasi. Usieleze ulimaanisha nini. Msomee shairi lote, kisha muulize maswali mawili: wapi ulidondoka, na shairi linasema nini?

Akidondoka, usibishane, rudi kwenye visanduku. Akisema "linahusu mikoko" peke yake, bado. Akisema "linahusu yule baba aliyekata mkoko kwa njaa", limefika.

Neno kuhusu lahaja. Sisi wa ukanda huu tuna Kimtang'ata, na kuna maneno ya nyumbani yanayobeba maana ambayo Kiswahili sanifu hakiibebi. Yatumie ukiyajua, mradi yasiwe ya kuokotezwa kwa ajili ya kina tu. Neno moja la Kimtang'ata, moja la Kiamu cha Lamu na moja la mtaani katika ubeti mmoja ni dalili kwamba vina ndivyo vilivyotunga.

## Hatua ya 9: Nakili na kupeleka

Andika kwa wino au chapa. Kila ubeti na namba yake, mkato katikati ya ukwapi na utao, nafasi kati ya beti. Kichwa kiwe kifupi.

Kisha rudia hesabu ya mizani kwenye nakala safi, siyo kwenye rasimu. Wakati wa kunakili mkono huongeza "na" au huacha "ya" bila mtu kujua.

Piga picha ya kila ukurasa, andika tarehe, hifadhi. Soma pia kama tangazo linasema lolote juu ya nani atamiliki mashairi baada ya mashindano, na kama kuna usilolielewa waulize waandaaji mapema. Kwa mambo ya haki za mtunzi, ofisi inayohusika ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Peleka siku tatu kabla ya mwisho.

## Hatua ya 10: Jifunze kulighani

Ukipita mchujo, utaitwa jukwaani. Watunzi wengi wazuri hushindwa hapa kwa kuwa waliacha sauti hadi asubuhi ya siku yenyewe.

Chagua mahadhi. Usichukue mahadhi ya wimbo wa taarab unaojulikana. Huu ni mji wa taarab, watu wataanza kuimba maneno ya wimbo ule na lako litazama. Chukua mahadhi ya kawaida ya tarbia, uyazoee hadi uweze kuyaghani ukiwa unafua.

Tua kwenye vina. Pumzi fupi kwenye kina cha kati, pumzi kamili mwisho wa mshororo. Ukivuta hewa katikati ya kipande, umevunja kwa mdomo mizani uliyoijenga kwa wiki mbili.

Pima muda. Ubeti mmoja wa tarbia una mizani 64. Kwa mwendo wa taratibu huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo beti 7 ni dakika tatu na nusu hivi. Kama umepewa dakika 4, hakuna nafasi ya hotuba ya shukrani. Salamu moja, kichwa cha shairi, anza.

Rekodi, kisha sikiliza ukiwa umefumba macho. Utasikia neno unalolimeza. Mara nyingi ni la mwisho wa mshororo wa tatu, pale pumzi inapoisha. Fanya hivyo kila siku kwa siku saba.

Zoea kipaza sauti. Kiwe umbali wa kiganja kimoja toka mdomoni. Katika uwanja wa wazi, hasa miezi ya kusi, kati ya Mei na Septemba, upepo huvuma kwenye kipaza sauti na kula irabu zako. Simama ukiupa upepo mgongo au ubavu. Fika mapema, omba kujaribu mshororo mmoja.

Siku yenyewe kunywa maji ya vuguvugu na epuka kitu cha barafu. Valia nguo uliyowahi kuivaa, kanzu au dera jipya litakukosesha raha. Karatasi ibebe hata kama umehifadhi, lakini ishike chini ya kifua ili uso uonekane.

Ukikosea mshororo, usiombe radhi. Endelea hadi kibwagizo, hapo utajikusanya.

Na ukifika kibwagizo mara ya pili, punguza sauti kidogo na wape watu nafasi. Hadhira ya Tanga ikikipenda itakiitikia yenyewe: wewe utasema "Leo limebaki jiko", nao watamalizia. Subiri wamalize kabisa ndipo uingie ubeti wa tatu.